Barabara Isiyo na Ng'ombe

Mwanangu amepata leseni ya udereva juzi juzi, na ananiomba funguo. Tumekuja likizo hapa Somanda, na safari ya leo ni ya kwenda Ngulyati kumsalimia mjomba wangu. Mwanangu anaomba huku macho yapo kwenye simu, vidole gumba vinachapa kioo, na ndani ya simu injini ya gari lisilokuwepo inalia kwa uchungu. "Mama, niachie mimi niendeshe. Magari nimeyazoea." Nikamuuliza ameyazoea wapi. Akanigeuzia simu nione, wala hakuwa anatania.

Usinione mama mwenye roho mbaya, rafiki yangu. Kushuku nimerithi, na nimerithi kwa bibi yangu, mzaa mama, mwanamke aliyekuwa akinusa maziwa aliyoyakamua mwenyewe kabla ya kuyanywa. Funguo nikazitia kwenye mkoba. Nikaendesha mimi, na njia nzima nikawa namkumbuka bibi.

Nililelewa kwake Ngulyati, miaka ile soko lilipofunguliwa. Kabla ya hapo pamba tulikuwa tukiuza ushirika, basi. Ghafla wakaja wanunuzi binafsi, kila mmoja na mzani wake na tabasamu lake, na bibi akawashuku wote kwa usawa. Mjini navyo vitu vikamiminika: mitumba, redio za kila aina, sabuni zenye harufu ambayo bibi alisema inaficha kitu. Sisi watoto tulivipenda vyote. Tulikuwa tukirudi shambani vidole vimechomwa na maganda makavu ya pamba, tunakaa barazani na michembe, vile viazi vitamu vikavu, iliyochemshwa na karanga, na mazungumzo yetu yote yalikuwa ni nani ameona nini mjini.

Nyumbani tulikuwa na maksai wawili. Ndio waliolima, ndio waliovuta mkokoteni wa pamba, ndio walioniheshimisha mimi, maana kazi yangu ilikuwa kushika kamba na kutangulia mbele yao. Mjomba, mdogo wake mama, alikuwa akija nyuma na fimbo, anaswaga. Watoto wa majirani walikuwepo wa kutosha, wengine wakubwa na wenye nguvu kunizidi, lakini bibi hakukubali mtoto wa mtu mwingine ashike ile kamba. Alikuwa akisema, "Anayeswaga lazima awe na mtu wake mbele." Nilidhani ni uchoyo tu wa kazi. Nilipenda kusikia pumzi ya ng'ombe mgongoni, yenye joto na harufu ya majani, na nilijua kwamba nikijikwaa, mjomba atapiga mluzi na maksai watasimama papo hapo.

Sasa, jirani yetu mmoja, mfanyabiashara, akafungua banda la gemu mjini. Televisheni, mashine ndogo ya kuchomeka kaseti, padi mbili zenye waya, benchi, na jenereta nje iliyonguruma hadi ukuta ukatikisika. Mjomba alikuwa akipeleka maziwa mjini kwa baiskeli kila asubuhi, na akaanza kuchelewa kurudi. Habari zikatufikia kabla yake: kwenye kaseti ya mbio za magari hakuna anayemfunga. Vijana wa mjini walikuwa wakimpisha benchi. Watu wakaanza kumwita dereva, naye akaanza kuitika.

Yote hayo yangepita kama si pikapu. Jirani alikwenda Dar es Salaam akarudi na pikapu, mtumba pia, ya rangi ya maziwa. Msimu wa pamba ulikuwa unakaribia na kila mnunuzi alikuwa akitafuta gari la kufika vijijini. Basi jirani akaja nyumbani jioni, akakalishwa, akapewa maziwa ya mgando, akaweka neno lake: bibi atoe maksai wawili, na mjomba awe mbia wa pikapu na dereva wake.

"Dereva?" bibi akauliza. "Huyu kajifunza lini?"

"Mama, huyu ana mikono," jirani akasema. "Njoo bandani umwone mwenyewe. Klachi na gia nitamwonyesha uwanjani, ni kitu kidogo."

Leseni? Miaka ile wengi waliiona leseni kuwa jambo la kufuatilia baadaye.

Mjomba alipiga magoti. Nakwambia alipiga magoti, mwanaume mzima. "Mayu," akamwambia, maana ndivyo mtu anavyomwita mama yake kwetu, "nitazeeka nyuma ya ng'ombe." Mimi nikajikuta namwombea apewe, ingawa nilijua maksai wakiondoka na kazi yangu imeondoka.

Bibi hakusema ndiyo wala hapana. Siku ya gulio akavaa kitenge chake cha kanisani, akachukua mwavuli, akanishika mkono, tukaenda bandani. Vijana walimpisha benchi lote. Akakaa wima kabisa. Mjomba akashika padi, gari jekundu likaondoka, na kwa kweli alikuwa hodari, kona anazikata hadi nikapiga makofi.

Bibi akatazama kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Hii nchi haina ng'ombe?"

Vijana wakacheka. "Haina, bibi."

"Na watu wake wamekwenda wapi?"

Mjomba akateleza, gari likagonga ukingo, likabiringika na kuwaka moto. Bibi akashika kifua. "Amekufa?"

"Hapana mayu, naanza upya." Na kweli gari likatokea pale pale, zima, linang'aa.

"Upya?" bibi akasema. "Nani amemruhusu?"

Banda zima lilivunjika mbavu. Yeye hakucheka. Tulipokuwa tunarudi alinunua chumvi, akailamba kidogo kuhakikisha ni chumvi, na njiani akaniambia kwamba atampima huyo dereva kwenye gari la kweli, barabara ya kweli, ndipo atajua la kufanya na maksai wake.

Siku yenyewe ilikuwa alasiri, jua limeanza kulegea. Mjomba kwenye usukani, mimi katikati, bibi mlangoni, amevaa tena kitenge cha kanisani, ameshika mwavuli kwa mikono miwili. Jirani alisimama nyuma kwenye bodi. Tukashika barabara ya Nkololo. Na rafiki yangu, mjomba aliendesha! Mashimo aliyakwepa vizuri, gia ziliingia bila kulia, upepo ukanijaa mdomoni. Nilimtazama bibi kwa pembe ya jicho nikaona mikono yake imelegea kwenye mwavuli. Alikuwa anaanza kuamini.

Mbele yetu kundi la ng'ombe likaanza kuvuka, wanarudi kutoka kunywa maji. Nilingoja mjomba asimame. Kila mtu wa kwetu husimama. Yeye alipunguza mwendo kidogo tu, akainama juu ya usukani na macho yake yakawa yale ya bandani. Akaona nafasi kati ya fahali na ndama, akaingia. Kulia, kushoto, tena kulia, mkia ukapiga kioo, tukatokea upande wa pili. Hatukugusa hata ng'ombe mmoja. Jirani alikuwa akigonga paa la gari kwa shangwe, "Umeona mama! Umeona!"

Lakini ng'ombe hawatembei wenyewe. Mwisho wa kundi alikuwepo mtoto mchungaji, wa umri wangu, na fimbo yake. Nilimwona akiruka. Bibi naye alimwona.

"Simamisha," bibi akasema. Akashuka, nami nikamfuata, tukarudi nyuma kwa miguu. Mtoto alikuwa ndani ya kichaka cha miiba, analia bila sauti, kandambili moja imebaki barabarani. Bibi alimtoa miiba mkononi, mmoja mmoja, akampangusa uso kwa kitenge cha kanisani. Kule mbele jirani na mjomba walikuwa wakipeana mikono. Bibi hakurudi kwenye gari. Tulitembea hadi nyumbani, mwavuli umefungwa.

Maksai hawakutoka. Bibi hakueleza sababu, si siku ile wala siku nyingine. Mjomba akaamini kwamba mama yake anapenda ng'ombe kuliko mtoto aliyemzaa, na mwisho wa msimu akaondoka kwenda Mwanza kwa hasira. Alikuja kuwa dereva wa malori kweli, miaka mingi, na husema hakuwahi kumgonga mtu na kwamba mikono aliipata kwenye lile banda. Huenda. Mimi sikuwa naye huko. Alirudi Ngulyati kumzika bibi, akabaki.

Leo nimemkuta barazani, nywele nyeupe, mguu mmoja haukunjiki. Mwanangu alisalimia vizuri kisha akajikunyata pembeni na simu yake, injini zikaanza kulia. Mjomba akatabasamu kwa ile sauti. Nikaona huu ndio wakati. Nikamwambia yale ambayo bibi hakumwambia: kwamba siku ile hatukurudi nyuma kusalimia watu, kama labda alivyodhani. Kulikuwa na mtoto.

Nilidhani nimemuumiza kwa jambo asilolijua.

"Nilimwona," akasema.

"Ulimwona?"

"Nilimwona vizuri. Nilijua ataruka."

Nikataka kumuuliza je, asingeruka? Sikuuliza, maana alikuwa ameshageuka kuitazama ile simu mkononi mwa mwanangu. Simu ikapiga kishindo, kisha muziki, kisha injini ikawaka upya.

Banda la gemu siku hizi ni duka la vipuri vya bodaboda. Maksai waliuzwa bibi alipofariki, na zizi limeota majani. Hakuna mtoto anayeshika kamba tena pale nyumbani, matrekta ya kukodi hayahitaji mtu wa kutangulia. Wakati wa kuondoka mwanangu akanyoosha mkono kuomba funguo, na safari hii nikampa. Njia ya kutoka kwa mjomba hadi barabarani ni ile ile ya ng'ombe, nyembamba, minyaa pande zote mbili. Akawasha gari. Mimi sikupanda. Nilivua viatu, nikaenda nikasimama mbele ya gari, nikaanza kutembea.

"Mama, unafanya nini?" akapiga kelele dirishani.

"Nifuate," nikamwambia.

Akaja polepole. Nilisikia joto la injini mgongoni, na nilikuwa nikigeuka kila baada ya hatua chache kumtazama, maana kumwamini, bado.