Kidole Juu ya Ramani
Nikichoka kuzunguka Nakuru, huingia ofisi ya ramani nikakaa kwa benchi nikimtazama karani. Yeye hunawa mikono kabla ya kukunjua karatasi, kisha huweka kokoto kila pembe. "Usiguse, boss. Jasho ya mkono inakula wino."

Februari 2008 alikuja mama mmoja kutoka kambi ya waliochomewa nyumba baada ya uchaguzi. Siku hizo kila mtu alikuuliza jina kwanza, ajue kabila. Karani aliuliza, "Mathe, mlikuwa ng'ambo gani ya mto?" Akakunjua ramani ya zamani, ambayo kila boma ni nukta nyeusi. Penseli yake ilifuata mto, ikasimama. "Ni hapa?" Mama akabonyeza kidole juu ya nukta. "Kumbe bado iko," akasema. Nikangoja akemewe. Karani akageukia dirisha, akaacha kile kidole kikae.