Safari ya Doldol na Sukari kwa Kiondo

Niliondoka Wamagana kwa sababu nilikuwa mgonjwa, na huo ugonjwa ulikuwa huko Doldol, kwa binti yangu. Msicheke. Si mnajua kwetu msichana wa pili anapewa jina ya nyanya wa upande wa mama? Basi huyo wa pili wa binti yangu Muthoni anaitwa Wangeci, na mimi ni Wangeci. Muthoni akiita "Maitu!" yaani mama yangu, tunageuka sisi wawili, mimi na ule wa miezi kumi.

Sasa jirani mmoja wa Muthoni alitoka Doldol kuuza ngozi, akaniletea habari ya mtoto mlangoni, akaniita cucu, yaani nyanya. Ile sauti yake ya kukwaruza: "Cucu, wewe unahara siku ya tatu. Macho yako imeingia ndani."

Nikamuuliza, "Na ninalia?"

"Unalia, cucu. Lakini machozi hakuna."

Hapo kicheko ikaisha.

Asubuhi ya kwanza nilifunga kiondo: kabichi mbili, viazi, chumvi ya ng'ombe kwa karatasi, na kilo moja ya sukari. Sukari ilikuwa ya mkwe wangu, Kariuki. Siku zile uhuru ilikuwa kama kijana ameanza kunyoa ndevu, na sukari ilikuwa kitu ya heshima. Utaendaje kwa mkwe mikono mitupu, akunywe chai kama anakunywa dawa?

Lorry ya maziwa ikanifikisha Nyeri. Hapo nikapata lorry ya mbao inaenda Nanyuki. Dereva alikuwa anaongea kwa pua: "Maitu, panda mbele, lakini hiyo kiondo ikae nyuma. Ni kama umebeba Mlima Kenya."

Nikamwambia, "Mlima si ule, mkono ya kulia? Mimi nimebeba chai ya mkwe. Endesha."

Tukapita Kiganjo, tukapita Naro Moru, baridi inauma masikio. Karibu kufika Nanyuki kuna kibao, na dereva akapunguza mwendo kama mtu anapita kanisa. "Maitu, hapa dunia imegawanywa mbili. Sasa tumevuka laini ya ikweta."

Nikaangalia chini. Majani, mavi ya mbuzi. "Laini iko wapi?"

"Haionekani."

"Basi hakuna," nikasema. Hiyo mdomo yangu mtaikumbuka mbele.

Jioni, Nanyuki, nililala kwa Mama Halima, bibi ya mzee mmoja Mwislamu ambaye Kariuki humuuzia mbuzi. Mama Halima anaongea kama mahindi ikipasuka kwa sufuria: "Kula mama, kula! Mgeni wa Kariuki alale njaa kwangu, watu watasema nini? Na mtoto, wallahi, peleka dispensari. Kuna dresa mpya huko Doldol, mtu wa kutibu, ametoka pwani."

Nikamjibu, "Mimi nimelea watoto saba, na ndama zimenishinda kuhesabu. Dresa atanifundisha nini?"

Siku ya pili, asubuhi, nikapanda pikapu ilikuwa imeleta mbuzi na inarudi bure. Bure, lakini harufu ya mbuzi haikuwa imeshuka. Huko mbele miti inapungua, vumbi inaongezeka, na ng'ombe zinatembea kama zinaenda mkutano. Saa sita tukafika Doldol.

Muthoni alikuwa mlangoni na mtoto kwa mkono. Nilifinya ngozi ya tumbo ya mtoto kidogo, nikaachilia. Ikabaki imesimama kama kitambaa.

"Maitu, kila akikunywa inatoka," Muthoni akasema. "Nikaona nimnyime maji, ikauke."

"Ikauke ni ukuta?" nikamuuliza.

Nikatoa chumvi yangu. Kwetu ndama ikihara tunaipatia maji na chumvi, ngumi moja, na inasimama. Nikapima ngumi ndogo kwa kikombe ya maji, kwa sababu huyu hakuwa na pembe. Kariuki, ile sauti yake ya kuomba msamaha kabla hajakosea: "Cucu, si tuweke sukari kidogo, apende?"

Nikamfokea. "Sukari ni ya wageni! Mgonjwa hapewi raha."

Vijiko tatu. Ya nne akatapika yote, na midomo ikawa kavu zaidi, na kichwa ikalegea kwa mkono yangu kama ya kuku. Watu wangu, mimi ni mzee, lakini nilikimbia mpaka dispensari. Mtoto mkono huu, kikombe mkono ule, Kariuki na Muthoni nyuma yangu, Muthoni analia, "Maitu! Maitu!" Sikujua anaita nani.

Dresa alikuwa kijana mweupe wa meno, na Kiswahili chake kimepigwa pasi. "Bibi, hiki kikombe kina nini?" Akaonja. Akatema. "Lahaula! Bibi, huyu ni mtoto, si samaki wa kukaushwa."

Nikamwambia ya ndama. Hakunicheka. Akachukua kikombe akasema pole pole: "Utumbo, bibi, una ukuta wa vyumba vidogo sana, havionekani kwa macho. Twaviita seli. Kila seli ina ngozi yake, na ngozi ina milango. Chumvi na sukari wana mlango wao mmoja. Akija mmoja peke yake, hapo hafunguliwi. Wakija wameshikana mikono, wanaingia, na maji yanawafuata nyuma."

"Na ikiwa chumvi ni nyingi?"

"Inabaki nje, inayavuta maji yatoke ndani."

Hapo nikakaa chini. Kwa sababu hiyo naijua! Kabichi ukikata, ukinyunyizia chumvi, hata kabla ya moto inajaza bakuli maji. Nilikuwa nimefanya Wangeci kabichi.

Dresa akasema, "Dawa ya pakiti imetuishia. Lakini tukipata sukari, tutaitengeneza hapa hapa."

Muthoni akaniangalia. Kariuki akaangalia viatu vyake.

"Kariuki," nikasema, "kimbia."

Dresa akachukua lita moja ya maji imechemshwa ikapoa, vijiko sita vya chai vya sukari, vimesawazishwa juu, na chumvi nusu ya kijiko hicho. "Onja kabla hujampa. Isizidi chumvi ya machozi."

"Machozi ndiyo hana! Nitapimia nini?"

"Tumia yako, bibi."

Nilikuwa nayo ya kutosha.

Mchana wote kijiko moja, tunangoja, kijiko ingine. Akitapika, tunapumzika kidogo, tunaanza tena. Katikati Muthoni anamnyonyesha. Jua ikiwa imeinama, mtoto akaona kijiko kwa mara ya mia, akakasirika, akafungua mdomo akapiga kelele ya mama wa soko. Na kwa shavu, tone. Nikaichukua na kidole nikaonja.

"Dresa," nikasema, "hii ni sawasawa."

Nilikaa Doldol wiki mzima. Kariuki alikunywa chai bila sukari kila asubuhi, akasema, "Cucu, ni tamu sana." Mwongo mzuri huyo.

Nikirudi nilipata dereva ule ule wa pua. Tulipofika kwa kibao nikamwambia, "Punguza, tunavuka."

Akacheka. "Si ulisema hakuna laini?"

"Niliona ingine Doldol," nikamwambia, "ndogo kuliko hii, ndani ya tumbo ya mtoto. Nayo haionekani."

Sasa niko Wamagana. Chumvi ya ng'ombe iko kwa ng'ombe, na sukari iko mahali mtaikuta mtoto yeyote ya hii kilima yetu akihara, hata mkwe akikuja haimalizwi. Vijiko mmesikia. Na kama hamjui ladha ya machozi ni chumvi kiasi gani, niiteni. Nikikumbuka ile kichwa kwa mkono yangu, hainichukui dakika kulia.