Tawi la Mkaratusi

Nilikuwa mshika bendera barabara ya Kebirigo ilipokuwa ikipanuliwa. Upande mmoja ulichimbwa wote, ikabaki nafasi ya gari moja tu, tena kwenye kona. Mimi nilisimama juu ya kona. Chini, nisikoona, alisimama dada mmoja wa Kiogoro, naye kashika bendera yake. Katikati yetu vijana walichimba mtaro, magari yakiwapita karibu kuwagusa migongo.

Redio za mkono tuliahidiwa. Weee! Tuliahidiwa mpaka tukachoka kuuliza. Basi tukatumia tawi la mkaratusi. Dereva wa gari la mwisho kutoka kwangu alilibeba akamkabidhi dada, naye akajua njia ni nyeupe, akaruhusu magari ya kwake. La mwisho likanirudishia tawi.

Mimi ni mtu wa kando ya ziwa. Wapita njia walinisemesha Kikisii, nikawa natabasamu tu kama zuzu, wakasema, "Kumbe si wa hapa," wakaenda zao. Siku nzima aliyeniletea habari ni lile tawi. Likinyauka, dada alikata jingine. Mara nyingine alilifungia ndizi mbivu kwa ugwe wa mgomba. Ndizi hizo nilizila nikiwa nimempa nyapara kisogo. Hatukuwa tumewahi hata kusalimiana vizuri. Jioni yeye alielekea Kisii, mimi nikarudi chumbani kwangu Kebirigo.

Alasiri moja ukaja msafara wa maiti kutoka upande wa mashamba makubwa ya chai, ukielekea ziwani. Watu wa kwetu! Walinisalimu kwa lugha ya mama yangu, jamani, moyo ukanijaa. Nikawapisha wote, nikampa dereva wa mwisho tawi. Akalipokea kwa mikono miwili, akanishukuru kwa kumpa pole, akalichomeka kando ya kioo.

Nikashtuka. Kwetu magari ya msiba hufungwa matawi, na haya yote yalikuwa nayo, kuanzia la kwanza. Dada angeliona hilo la kwanza akadhani ndilo la mwisho.

Nilichomeka bendera nyekundu katikati ya barabara, nikakimbia nikipiga filimbi. "Tokeni mtaroni! Tokeni!"

Lori la chai lilikuwa limeshaingia. Likakutana na gari la pili la msafara, likakwepa, gurudumu la mbele likatumbukia mtaroni pale pale walipokuwa wakichimba. Vijana walikuwa wamesharuka, wote. Kilichovunjika ni koleo tu.

Dada nilimkuta ameketi kando ya barabara, bendera yake chini.

"Kaka, niliona tawi," akaniambia. "Niliona tawi."

"Najua," nikamjibu.

Mara nyapara akafika, akamwita dada mzembe na kumwambia avue jaketi la kazi. Nikamfokea nyapara mbele ya watu wote: redio ziko wapi? Mzembe ni wewe! Akajifanya hanisikii.

Kesho yake redio zikaja, mpya kabisa, bado zimo kwenye nailoni. Nikapitisha magari ya kwanza, nikabonyeza kitufe.

"Dada, njia nyeupe."

Ikakwaruza kidogo, kisha mwanamume akajibu, "Dada gani?"