Jirani Aliyenibebea Sanduku

Sasa nacheka, lakini wiki iliyopita nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mwalimu mkuu, mwanamke wa Kizungu, alikuja bomani Same kuchagua wasichana wa shule ya bweni. Mama, aliyetoka Nyasa kumfuata baba kwenye mashamba ya mkonge, alinibebea sanduku. Kiingereza chake ni cha kuokoteza, alikipata akifua nguo za Wazungu. Nilikionea haya.

"Huyu nani?" mwalimu akauliza kwa Kiingereza.

"Jirani," nikajibu, nikidhani Mama hataelewa. Nikasahau kwamba maneno yangu ya kwanza ya lugha hiyo alinifundisha yeye, kwenye beseni la kufulia.

Kisha nikaulizwa kwa nini nataka kusoma. Mimi niliyeringia darasa zima kwa Kiingereza changu, nikawa bubu! Mama akasogea na Kiingereza chake kinachochechemea: "Yeye anajua. Yeye anaogopa. Memsabu ngoja kidogo."

Nikangojwa, nikajibu, nikachaguliwa.

"Una jirani mwema," mwalimu akasema, kisha akamgeukia Mama. "Nani alimfundisha Kiingereza msichana huyu?"

"Mama yake," Mama akajibu bila kunitazama. "Leo hakuja."

"Mama!" nikaangua kilio, nimeng'ang'ania kanga yake, boma zima likitutazama.