Vijiko Nyuma ya Nyumba ya Bibi

Watu walimwita Antena. Kwa miaka thelathini na mbili alikuwa fundi redio, na alikuwa na tabia ya kuinamisha kichwa upande mmoja mtu anapoongea naye, kama anayetafuta stesheni. Kazi yake ilikufa kimyakimya. Wateja walipungua mmoja mmoja, mpaka siku moja alifungua kibanda asubuhi, akakaa hadi jioni, na mtu pekee aliyeingia alikuja kuuliza choo kiko wapi. Kesho yake akafunga kibanda na kubeba vyombo vyake nyumbani.

Mashine aliiunda mwenyewe. Alizungusha waya mwembamba wa shaba kwenye mfuniko wa ndoo, akaufunga kwa utepe mweusi, akauunganisha na vipuri vya redio tatu ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua, kisha akakaza vyote kwenye mpini wa fagio. Ukipitisha ule mfuniko juu ya ardhi, na chini kuna chuma au shaba, unasikia mlio masikioni. Nyuma ya nyumba yake alipata misumari kumi na minne, kengele ya baiskeli na mkasi ambao mkewe, fundi cherehani, alikuwa amemsingizia jirani kwamba aliuiba. Baada ya hapo ardhi yake ikawa imekwisha. Ikabidi aombe ya watu.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kumchanganya. Yeye alidhani kuomba ruhusa ni neno moja na jibu moja. Muuza mbao mwenye kiwanja kando ya barabara alimuuliza, "Unatafuta nini?"

"Sijui," Antena akajibu kwa ukweli.

"Hujui, halafu unataka kunichimbia?"

"Ningekuwa najua kilipo, mzee mwenzangu, nisingehitaji mashine."

Muuza mbao akafunga geti taratibu, kama mtu anayefunika chungu. Mwingine, mwalimu mstaafu, alikubali upesi mno. Kumbe alitaka Antena amtafutie nguzo ya chuma ya mpaka wa kiwanja iliyopotea. Jirani alipoona mashine inapita karibu na ua wake, alitoka akidai kwamba fundi amepangwa, na mwalimu naye akaanza kuhisi kwamba fundi amepangwa na jirani. Antena akaondoka akiwaacha wawili hao wakigombana kuhusu nani alimwajiri, ilhali hakuna aliyemwajiri.

Ndipo mkewe akamwandikia barua ya kuombea ruhusa, kwa mwandiko wake wa shule ulionyooka: kwamba mwenye barua hii anaomba kupita na mashine, atafukia kila shimo, na chochote kitakachopatikana atamwonyesha mwenye ardhi kabla ya mtu mwingine yeyote. Chini aliacha mstari wa saini.

Mtu wa kwanza kuusaini mstari huo alikuwa Bibi, mama wa daktari wa mifugo. Alikuwa amevuka themanini, mwembamba, mikono safi kama ya mtu anayekwenda kukanda unga. Nyumba ilikuwa yake na kiwanja kilikuwa chake. Mwanawe na mkwewe waliishi naye, lakini mchana wote walikuwa kazini. Antena alimsalimia shikamoo, akamsomea barua yote. Bibi akasikiliza, akasema, "Nimekuelewa vizuri, mwanangu. Pita. Ila miche yangu usiikanyage," kisha akaweka saini yenye mikunjo mirefu ya watu wa zamani.

Nyuma ya nyumba palikuwa na kamba ya kuanikia nguo, bomba la maji linalodondoka, na matuta manne ya mboga. Kwenye tuta la pili mashine ililia. Antena alichimba kwa kijiko chake cha bustani, kina cha kiganja tu, akatoa soksi. Ndani ya soksi mlikuwa na vijiko sita vya chai. Hatua mbili mbele, uma nne zimefungwa kwa kitambaa. Kisha chujio la chai. Kisha vijiko tena.

Akavipanga kwenye kipande cha gunia, akaenda kumwita mwenye ardhi, kama barua ilivyosema.

Bibi aliviangalia bila mshangao wowote. "Virudishe kama vilivyokuwa," akasema.

"Vya nani hivi, mama?"

"Vyangu. Niliviweka mwenyewe. Na usimwambie mtu."

Antena akaahidi. Angesema nini? Akavirudisha kila kimoja kwenye shimo lake, akafukia, akaenda nyumbani na kichwa kizito. Mkewe alipouliza amepata nini leo, alisema, "Nimepata, halafu nikarudisha," akaogopa kuongeza neno.

Siku ya pili alibisha hodi saa ileile. Bibi alifungua, akamtazama juu mpaka chini, mashine na yote.

"Wewe ni nani?"

Akamweleza. Akamtolea barua. Bibi aliisogeza karibu na macho, akaifuatisha saini kwa kidole.

"Saini ni yangu," akasema. "Lakini mimi sikusaini."

"Ilikuwa jana, mama."

"Jana sikuwa na mgeni. Nenda, baba, na huo ufagio wako."

Akaenda. Njiani alijibishana na nafsi yake mpaka akapita kona ya kwao bila kujua. Karatasi ilisema ndiyo, mwenye saini anasema hapana, na wote wawili walikuwa mtu mmoja. Mkewe aliliona jambo jepesi. "Si una saini? Ya nini kujitesa?"

"Saini ninayo," Antena akasema. "Yeye ndiye sina."

Akaamua kwamba ataomba upya kila siku. Akikubaliwa atapita, akikataliwa atageuza. Kwa wiki mbili ikawa hivyo. Jumatatu Bibi alimpokea kama mtoto aliyerudi kutoka safari. Jumanne alimfukuza. Siku nyingine alimdhani mtu wa bomba, akampeleka kwenye lile bomba linalodondoka, na Antena akalitengeneza kwa sababu hakuona namna ya kukataa. Alipopata nafasi alimuuliza vijiko vimefukiwa kwa ajili gani. Mara aliambiwa tunahama, lazima tutangulize vyombo. Mara aliambiwa vimepandwa. Mara moja Bibi alicheka tu, akasema, "Vijiko gani?" Antena alizoea kuchunguza hitilafu mpaka aifikie; redio yoyote, hata iliyoungua, ina sababu ya kunyamaza. Hapa kila alipogusa, palikuwa pengine.

Jumamosi moja alimkuta daktari wa mifugo mwenyewe getini, anaosha buti zake za mpira.

"Wewe ndiye fundi wa mashine," daktari akasema kwa upole. "Ingia tu. Usijisumbue kumuuliza mama kila mara. Hakumbuki."

"Kiwanja si chake?"

"Chake. Nasema tu, hakumbuki." Akakung'uta buti. "Na tangu tuachane na dada wa kazi, tunapata shida kidogo kumwangalia. Yule msichana alikuwa mzuri, mama alimpenda, ila mkono wake mwepesi. Vijiko viliisha ndani kimoja kimoja. Tukanyamaza. Zilipopotea hereni za mke wangu, za harusi, tukamwondoa."

Antena alihisi kama amekanyaga waya wenye umeme. Alikuwa ameahidi. Pia alikuwa amesimama hatua kumi kutoka kwenye vile vijiko.

"Umepatwa na nini, fundi?"

"Jua," akasema, akaingia ndani kumtafuta Bibi.

Alimkuta sebuleni, anakunja taulo ileile mara ya tatu. Akakaa mbele yake, akasema polepole, "Mama, kuna mtu amefukuzwa kwa sababu ya vijiko vyako. Niruhusu niseme viko wapi."

Bibi akaacha kukunja. Kwa dakika nzima uso wake ulikuwa wazi kama wa mtu mwenye akili zake zote. "Ukisema, watanichungulia kila ninapotoka nje," akasema. "Hapana." Kisha akanyoosha ile taulo na kuanza upya, akamuuliza kama amekula.

Usiku ule usingizi haukuja. Kulipopambazuka alikuwa na jambo moja tu la kufanya lililomwingia akilini: kumtafuta yule dada. Haikuwa kazi ngumu. Alikuwa kwenye duka la kufulia nguo nyuma ya kituo cha mafuta, chumba chembamba chenye mvuke, anapiga pasi mashati ya watu. Msichana wa miaka ishirini na kitu, mfupi, mwenye kitambaa cha bluu kichwani. Antena alijitambulisha, akamweleza kila kitu bila kuficha, mpaka lile bomba.

Dada hakusimamisha pasi. "Najua, baba," akasema. "Nilimwona mwezi wangu wa kwanza tu. Anavichukua asubuhi mwanawe na mkwewe wakioga, anavitia soksini. Nilikuwa navifukua mchana anapolala, navirudisha kabatini. Vingine sikuvipata. Mimi sina mashine."

Antena akasogea karibu. "Na hukusema? Hata walipokuita mwizi?"

"Aliniomba nisimseme. Alinishika mkono hivi." Akaishika kola ya shati kwa vidole vyote vitano. "Siku nilipofukuzwa nilimtazama, nikingoja aseme. Alikuwa ananiaga vizuri kabisa, ananiambia nisalimie nyumbani."

Mvuke ukafuka kutoka kwenye shati.

"Sasa nifanye nini, mwanangu?" Antena akauliza. Mtu wa miaka sitini na minne alikuwa anamuuliza binti wa kupiga pasi afanye nini na maisha.

Dada alikunja shati, akaliweka juu ya mengine. "Mimi nimeshaitunza siri yake, imenitoa kazini. Nilikwenda kuomba kazi nyumba tatu mtaa ule, zote walikuwa wameshaambiwa. Wewe fanya utakavyoona. Lakini ukienda kusema, usiseme kama unamshtaki."

Maneno hayo ndiyo aliyoondoka nayo. Hakuyaelewa vizuri, ila yalimpa njia. Jumapili asubuhi, daktari na mkewe wakiwapo, alibisha hodi bila mashine. Akasema mbele ya wote watatu, Bibi akiwa kwenye kiti chake: "Mama, niliahidi kutosema, na leo navunja ahadi. Unisamehe. Daktari, vijiko havikuibiwa. Viko nyuma ya nyumba. Mama aliviweka mahali pa usalama, kwa uangalifu, na hakuna hata kimoja kilichoingia kutu."

Mke wa daktari alicheka kidogo, kama anayesikia utani uliokosewa, halafu akaona hakuna mwingine anayecheka. Bibi akamtazama Antena. "Nilikwambia hapana," akasema, naye hakuwahi tena kumwita mwanangu.

Walichimba asubuhi nzima. Antena alirudi na mashine, daktari akapiga magoti na suruali yake ya Jumapili. Vilitoka vijiko ishirini na saba, uma, chujio, kopo la hina lenye vifungo vya shaba. Karibu na bomba, soksi ndogo ya mtoto. Ndani yake zilikuwa hereni, zimefungwa kwa karatasi laini, na pembeni yake jino la maziwa. Daktari alilishika lile jino kwa muda mrefu. Alimwonyesha mama yake.

"La kwako," Bibi akasema. "Ungelipoteza."

Mchana uleule daktari na mkewe walikwenda kwenye duka la kufulia. Antena hakuwapo, aliyasikia baadaye kwa dada mwenyewe. Waliomba msamaha, wakamwomba arudi. Akawaambia kurudi hatarudi, kazi anayo. Anachotaka ni wapite kwenye zile nyumba tatu na waseme kwa midomo yao. Wakapita. Mke wa daktari ndiye aliyesema, mlango baada ya mlango, na kwenye nyumba ya tatu alilia.

Antena hakuomba tena ruhusa pale. Alikuwa amepewa na kunyang'anywa mara nyingi, na ahadi aliivunja mwenyewe. Hakujua hata aombe nini. Lakini Jumapili mbili baadaye alikwenda kumjulia hali Bibi, akamkuta dada naye yuko, amekuja kama mgeni, na gauni lake la kutokea. Bibi hakumtambua Antena hata kidogo. Alimkaribisha kwa adabu, akamuuliza ametoka mbali. Lakini yule dada, Bibi alimjua. Alimwita kwa jina lake, akamshika mkono, akasogeza kiti chake mpaka magoti yao yakagusana.

Wakaanza kunong'onezana. Antena aliinamisha kichwa upande, lakini feni ilikuwa inapiga kelele, hakunasa neno. Ghafla wote wawili wakacheka, kicheko kirefu cha watu wanaojua jambo moja, Bibi akijifuta machozi kwa upindo wa kanga.

Jioni alimsimulia mkewe, aliyekuwa anatia uzi kwenye cherehani.

"Walikuwa wanacheka nini?" mkewe akauliza.

Antena alifikiri. "Sijui," akasema, akaenda kuchota maji ya kuoga.