Mwaka wa Jela ni Miezi Minane

Siku niliyomwambia baba kwamba nataka kukaa mwaka mmoja kabla ya kwenda chuo kikuu, alikuwa ameketi mlangoni akisugua viatu vyake vya kazi kwa brashi. Baba alikuwa askari magereza. Tulikaa Luzira, Kampala, kwenye kambi ya gereza, katika nyumba ya bati ya mviringo ambayo askari wote huiita unipoti. Mchana ukiwa ndani unatokota, usiku unatafuta blanketi la pili. Baba hakuinua kichwa.

“Mwaka moja?” akauliza. “Kwa kosa gani?”

Hakuwa anatania, au labda alikuwa anatania. Kwa baba sikuwa najua, na mpaka leo sijui vizuri. Alikuwa amefanya kazi ndani ya zile kuta tangu kabla sijazaliwa, na kwake mwaka ni kitu ambacho hakimu anakupa. Nikamwambia si kosa, ni mpango. Wazungu na watu wa Bugolobi, mtaa wa wenye pesa, wanaufanya. Mtu akimaliza kidato cha sita hakimbilii chuo; anapumzika mwaka, anajitafuta, kisha anaenda akiwa anajua anachokwenda kusoma. Mwaka huo unaitwa gepu yia.

“Gepu ni nini?”

“Ni pengo, baba.”

“Pengo ni ya meno,” akasema, akahamia kiatu cha pili.

Neno lenyewe sikuwa nimekaa nalo hata mwezi. Nililitoa kwa rafiki yangu wa shule aliyekuwa anaishi kwenye maghorofa ya Bugolobi. Tulimaliza mitihani pamoja mwanzoni mwa Desemba, na yeye tayari alikuwa na mpango uliopangika: kwanza kwa shangazi yake Nairobi kujifunza kupiga picha, kisha kujitolea kwenye kituo cha watoto yatima, kisha kusafiri, ndipo aombe chuo. Alinieleza haya yote sebuleni kwao, mama yake akituletea juisi, na mama yake alikuwa anaitikia kwa kichwa. Hilo ndilo lililonimaliza kabisa. Mama mzima, anaitikia kwa kichwa! Nikarudi Luzira nikiwa na gepu yia kichwani na sina kingine.

Ukweli ni kwamba nilikuwa sijui ninataka nini. Leo naweza kulisema hivyo hivyo, lakini wakati ule sikumwambia mtu. Tangu chekechea nilikuwa mtu wa kupelekwa. Shule nilichaguliwa, masomo yalichaguliwa kulingana na alama zangu, hata kiti nilipangiwa. Sasa ghafla kila mtu alikuwa ananiuliza ninapenda nini, na nikawa kama mtu aliyeamshwa usingizini akaulizwa jina la mtaa. Baba ndiye aliyejua ninapenda nini. Ninapenda Sheria. Miaka mingi alikuwa amepeleka wafungwa mahakamani, akisimama nyuma ukutani, akiwatazama mawakili wakirusha mikono ya majoho yao.

“Ile watu wanaongea, hakimu anaandika,” alikuwa anasema. “Sisi tukiongea, nani anaandika?”

Mama alitoka Kongo ya mashariki, akafika Kampala akikimbia vita akiwa bado msichana, akakutana na baba. Yeye Mkatoliki, baba Mwislamu wa kaskazini kule karibu na mpaka, na walielewana kwa Kiswahili, kila mtu na cha kwake. Mimi nikakulia katikati, nikisahihishwa huku na huku. Mama aliuza vitenge, akivitembeza mabegani nyumba kwa nyumba. Nilipomweleza mpango wangu, alimaliza kukunja kitenge alichokuwa anakikunja, akakikunjua, akakikunja tena. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Nikahesabu kwamba amesema ndiyo, kwa sababu nilikuwa nahitaji ndiyo ya mtu yeyote.

Kambini habari haikai. Kuwa nyumbani baada ya mitihani si ajabu. Sisi tunaongoja chuo tunaitwa mavakisti, na kila nyumba ina vakisti wake anayefua na kupika. Lakini jirani alisikia neno mwaka. Msichana aliyefanya vizuri shuleni hakai nyumbani mwaka mzima bila sababu, na sababu ya msichana inajulikana. Akaanza kuniletea uji. Akawa ananikataza kubeba ndoo. Siku moja aliniwekea mkono begani akaniambia nisiogope, yeye mwenyewe kifungua mimba wake alimpata akiwa shuleni na leo mtoto huyo ni mwalimu. Nilimwapia kwamba sina kitu. Akasema sawa, sawa, na uji ukaendelea kuja. Ulikuwa uji mzuri, sikuukataa.

Kilichonishinda ni huo mwaka wenyewe, niujaze nini. Nilitangaza kwamba nitakwenda kaskazini kwa bibi nikajifunze lugha ya kwao, maana nilikuwa naisikia lakini siwezi kuijibu. Baba akasema bibi ana watu wa kutosha wa kumsumbua. Nikasema basi mama anifundishe Kifaransa. Mama akacheka kidogo, kicheko kisichofika machoni, akasema Kifaransa chake alikiacha njiani. Nikataka kuoka keki, tanuri hatuna. Nikataka kujifunza kompyuta, nikaacha siku ya pili. Jioni baba akitoka zamu alikuwa anauliza kabla hata hajavua kofia, “Leo iko nini?” na mimi nilikuwa na jibu jipya kila mara. Rafiki yangu alikuwa ameshafika Nairobi, akinitumia picha kwenye simu: dirisha, kikombe, miguu yake mwenyewe nyasini. Nilizitazama sana zile picha za miguu, nikijaribu kuelewa ni wapi hasa alipojipata.

Matokeo yalipotoka, nilikuwa nimefaulu kiasi cha kumfanya baba awapigie simu hata watu asiopatana nao. Kisha akasema, “Sasa unaomba chuo.” Nikasema nitaomba, lakini mwakani, mwaka wangu je? Nilishikilia. Hata mimi nilijishangaa jinsi nilivyoshikilia kitu ambacho sikukijua. Ijumaa moja baba alipotoka msikitini aliniita.

“Nimefikiri,” akasema. “Mwaka yako nimekupa.”

Nilipiga magoti kushukuru, machozi yakinilenga.

“Lakini mimi ni mtu ya jela. Nakupa mwaka ya jela.”

Sikusikiliza hilo la mwisho. Nilikimbia kumpigia rafiki yangu, na yeye ndiye aliyeniuliza, “Mwaka wa jela ndio nini?” Sikujua. Nikarudi kumuuliza baba. Akanieleza bila haraka, kama anavyowaeleza askari wapya, kwamba mfungwa akikaa vizuri anakatiwa theluthi. Ukifungwa mwaka, unakaa miezi minane. Kisha akaanza kuhesabu kwa vidole vyake, kuanzia Desemba niliyoweka kalamu chini. Kidole cha nane kilikuwa Julai. Agosti vyuo vinafungua milango.

“Kwisha,” akasema. “Wewe umekaa vizuri. Unatoka, unaenda chuo.”

Tulikuwa tayari Aprili. Kifungo changu nilikuwa nimekitumikia zaidi ya nusu, na muda wote huo nilikuwa naomba nifungwe. Jirani aliyekuwa anaanika nguo alicheka mpaka akashika kamba. Mimi nililia kwa hasira, nikaingia ndani, kwenye lile joto la bati, nikalala kifudifudi. Kilichoniuma si kunyimwa. Niliona aibu kwamba hata ningepewa miaka miwili ya kawaida, nisingejua nianze wapi.

Jumapili iliyofuata mama aliniambia nimsindikize Lubaga, kwenye kanisa kuu, kwa misa. Si kawaida yake kwenda mbali hivyo. Kanisa la kwetu lipo karibu na kambi. Baada ya misa tulikaa nje kwenye ngazi, jua likiwa bado la asubuhi, na mimi nikaanza kumsema baba: ananichezea akili, ananifanya mfungwa, wenzangu wazazi wao wanawaelewa. Mama aliniacha nimalize.

“Mi pia nilipumzikaka,” akasema.

Nikamtazama. Sikuwa nimewahi kusikia habari ya mama na shule, na mimi sikuwahi kuuliza. Kwangu mama alikuwa ameanza Kampala.

“Nilikuwa sekondari. Mwalimu aliingia akasema masomo inasimama wiki mbili, mpaka masasi ya bunduki itulie. Wiki mbili tu. Tulifurahi hata. Niliacha kalamu yangu pale pale juu ya meza, sababu nilijua nitarudia.”

Hakuongeza vita vilivyokuja, wala barabara, wala mpaka. Alizungusha ule mkoba wake mapajani, akausawazisha.

“Baba yako anafanya mchezo na hesabu,” akasema. “Mi sina hesabu, mwana yangu. Mi naogopa tu. We uko nasema utarudia. Na mi nilisema.”

Nilitaka kumwambia kwamba huku hakuna masasi, kwamba rafiki yangu wa Bugolobi atarudi, kwamba yangu ni tofauti. Yote yalikuwa kweli. Nilikuwa nimechanganyikiwa kuliko nilipotoka nyumbani. Hadi asubuhi ile mwaka ulikuwa wangu, nikigombana na baba juu yake kwa raha zangu. Sasa niligundua kwamba muda wote ule mama alikuwa anakunja na kukunjua vitenge huku akiningojea nirudi mahali ambapo bado sijaondoka. Na sikuweza kumwahidi. Mtu asiyejua anachokitaka anaahidi nini? Tulipanda gari kurudi, kila mtu anatazama dirisha lake.

Siku mbili baadaye nilikwenda kuomba chuo. Pale senta ya Luzira, penye maduka, kulikuwa na kibanda cha intaneti, kompyuta tatu na kijana mmoja aliyekuwa anazimiliki kwa sauti. Chuo kilitaka niandike kozi kwa mpangilio, ninayoipenda zaidi juu. Nikaandika Sheria, ya baba. Ya pili nikaandika Ualimu, kwa sababu ya mtoto wa jirani nafikiri. Ya tatu sikuwa nayo. Majina ya kozi yalikuwa yanashuka na kushuka, mengine sikuwahi kuyasikia, na kila nilipotaka kushika moja nilijiuliza kama naipenda, nikajijibu kwamba sijui, nikateremka tena.

“Nyabo!” kijana akaniita, yaani bibie kwa Kiganda. Kwake r na l ni kitu kimoja. “Unachagua ama unarara? Watu wako nyuma.”

Nikabonyeza. Ilikuwa Ukutubi, elimu ya maktaba. Nikiulizwa leo kwa nini, huwa nasema kwamba shuleni maktaba ndipo mahali pekee ambapo hakuna aliyeniuliza kitu. Ni jibu zuri, nalipenda. Lakini inawezekana kabisa kwamba ndiyo iliyokuwa kwenye kioo alipopiga kelele.

Ndiyo niliyopewa. Sheria hawakunitaka, Ualimu hawakunitaka. Nilimpelekea baba ile habari nikiogopa, maana alikuwa amemwambia kila mtu kambini kwamba nitakuwa wakili.

“Kazi yake nini?” akauliza.

“Kutunza vitabu, baba. Kuvipanga. Kuandikisha vinavyotoka na vinavyorudi.”

“Na visiporudi?”

“Vinatafutwa.”

“Basi na wewe ni askari,” akasema. “Iko sawa.” Na jioni ile nilimsikia nje akimweleza jirani kwamba binti yake amepata kazi ya ulinzi chuo kikuu.

Agosti ilipofika baba alikuwa zamu, hivyo nilikwenda na mama. Godoro lilibebwa na bodaboda, mama akabeba beseni lenye vyombo, mimi sanduku. Tulipanga mistari asubuhi nzima, huku tukitumwa kule, kule tukirudishwa huku. Nilikuwa nimeudhika na nimechoka, na ndani yangu lile swali lilikuwa pale pale, kwamba hapa nimefuata nini. Tulipomaliza, nikasema nitazame mahali tutakaposomea kabla ya kwenda hosteli. Tulikuta ukumbi mtupu, mlango wazi, meza zikipanda ngazi kwa ngazi kuelekea nyuma. Nilisimama mlangoni. Sikujisikia kuingia.

Mama aliweka beseni chini, akanipita, akaingia. Alichagua kiti cha mbele, akakaa, akaweka mikono yote miwili juu ya meza na kutazama ubao, ambao haukuwa umeandikwa kitu.

“Twende, mama,” nikamwambia. “Yule wa boda anangoja na godoro.”

“Ngoja.”

Nilidhani amechoka. Alikuwa anapitisha kiganja juu ya ile meza taratibu, kuanzia ukingo mmoja hadi mwingine, akitafuta kitu kwa mkono.

“Ile wiki mbili ya mwalimu ilikuwa mrefu,” akasema.

Nilisogeza beseni lisizibe mlango, nikaingia, nikakaa karibu naye.