Gari la Kuishi na Urefu wa Mama Yako

Mpaka leo naiona, mwanangu, siku ile nilipovua viatu katika uwanja wa fundi mmoja hapa Bunia, nikaingia ndani ya kombi ya kijani na kujilaza sakafuni mchana kweupe, watu wakinitazama. Nilinyoosha miguu, haikugusa mlango. Nikanyoosha mikono juu ya kichwa, nayo haikugusa kiti cha dereva. Nikasema moyoni, basi, nimepata nyumba.

Nakuandikia haya kwa sababu ya picha tatu ulizonitumia jana kwenye simu. Nimezitazama vizuri, nikaazima hata miwani ya mama yako. Naelewa unachotaka. Kazi yako ya kufunga mitambo ya jua inakupeleka Gety wiki hii na Mambasa wiki ijayo, na chumba mnachopanga kinakaa na kufuli siku nyingi kuliko siku za mlango wake kuwa wazi. Unataka gari dogo, wewe na mke wako muishi humo moja kwa moja. Siwezi kukucheka, maana niliishi hivyo kabla hujazaliwa. Lakini chini ya picha ya tatu umeandika, "Papa, nimechagua hii." Umeandika nimechagua. Hukuandika tumechagua. Neno hilo ndilo lililonifanya nikae chini.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, nimetoka Butembo na ufundi wa mashini za kushona. Nilikuwa nazifuata sokoni, Komanda, Mambasa, mpaka Niania. Nilikuwa nimemwoa mama yako miezi mitatu kabla ya hapo, na kila safari nilimwacha peke yake katika chumba cha kupanga. Tulikubaliana sote wawili kwamba maisha hayo hayafai. Kuhusu hilo hatukugombana hata kidogo. Tulisema tutafute gari, tulale humo, tupike hapo nje, tusiachane tena.

Mama yako unamjua. Akisimama mlangoni, mwanga unapungua ndani ya nyumba. Nami unanijua. Nikisimama kando yake, kichwa changu kinafika begani kwake. Leo tunacheka. Wakati ule mimi sikuwa nacheka.

Fundi yule, Muzee Ngabu, alikuwa na magari mawili ya kuuza. Moja ni ile kombi, imepakwa rangi upya, inang'aa. La pili lilikuwa gari la wagonjwa la zamani, refu, paa lake juu sana, rangi nyeupe imegeuka kuwa ya maziwa yaliyoharibika, ubavu mmoja umebonyea. Nililipita kama sijaliona. Niliwaza watu wa sokoni watasema nimekuja kuchukua maiti.

Nilipotoka ndani ya kombi, Muzee Ngabu alikuwa anajipangusa mikono na kitambaa cha mafuta.

"Weye umelala humo muzuri, nimeona," aliniambia. "Na bibi yako?"

"Atalala tu."

"Mulete kesho. Alale yeye mwenyewe, asimame yeye mwenyewe. Mimi siko na haraka ya kuuza."

"Muzee, ni mimi nanunua."

Alikikunja kile kitambaa. "Sawa," akasema. "Ni weye unanunua."

Mwanangu, sababu ya kweli sikumwambia yeye, lakini wewe nakuambia. Niliona aibu. Kumleta mama yako ajipime ndani ya gari mbele ya mafundi niliona ni kama kutangaza kwamba mke wangu ni mrefu kuliko mimi. Kana kwamba wale mafundi hawakuwa na macho.

Basi nikanunua. Nikamwita seremala, tukapanga ndani. Meza yangu ya kazi niliipa nafasi kubwa, na sanduku la vyuma nikalipa yake. Kitanda nikakikata kwa urefu wangu, nikaongeza vidole vinne vya heshima. Mama yako alipoletwa kuona, aliinamisha kichwa akaingia, akageuka kwa shida, akaketi, akapapasa ukuta.

"Rangi yake ni nzuri," akasema.

Mimi nikasikia sifa. Sikujiuliza kwa nini mtu aliyeonyeshwa nyumba yake anasifu rangi peke yake.

Tulianza maisha. Sitasema yalikuwa mabaya. Kulikuwa na asubuhi za Mambasa ambapo ukungu unatoka msituni, mama yako amewasha mbabula, jiko letu la makaa, chai inachemka, nami nina mashini tatu za kutengeneza kabla ya jua kuwa kali. Hata hivyo niliona kwamba kila anapoamka, kabla ya kugusa makaa, analizunguka gari polepole, mara tano, mara sita, mikono kiunoni. Nilidhani anasali. Nikajisifu kwamba nimeoa mwanamke wa sala.

Halafu mvua zikaja. Tulikuwa njiani kwenda Niania, mama yako ana mimba ya dada yako mkubwa, miezi mitano. Mbele yetu malori mawili yakazama katika shimo la matope, na nyuma yetu yakaja mengine. Hakuna aliyeweza kupita wala kurudi. Mvua ikanyesha siku ya kwanza, ikanyesha ya pili. Kupika nje hakukuwezekana. Mimi nilijipa kazi, nikafungua mashini ya mama mmoja wa parokia, nikaisafisha kipande kwa kipande. Mama yako alikaa ukingoni mwa kitanda, shingo imepinda chini ya paa, akilala amejikunja, akiamka anakaa vilevile.

Siku ya tatu, mchana, alifungua mlango akatoka. Akasimama katikati ya barabara, katika ile mvua, akajinyoosha. Mgongo wote, shingo yote. Maji yalimtiririka usoni, yakalowanisha kitenge mpaka tumbo likaonekana lote. Madereva waliokuwa chini ya turubai lao wakageuka kumtazama.

"Lotsove, ingia!" nikaita. "Utaloa!"

"Acha nisimame kidogo."

"Mvua ni kali!"

"Mvua naiona, Kambale. Tangu juzi sijasimama."

Hakupaza sauti. Angepaza sauti, labda ningejitetea. Nilibaki mlangoni nimeshika bisibisi, na ndipo nikatambua kwamba humo ndani mimi nilikuwa nimesimama wima, mkavu, na kofia kichwani. Ile mizunguko yake ya asubuhi haikuwa sala.

Barabara ilipofunguka hatukwenda Niania. Aliniomba nimpeleke kwa baba yake, kule juu Djugu, katika kijiji ambacho leo watu wake wengi wametawanyika kwa vita. Nikamuuliza kwa siku ngapi. Akasema, "Sijui." Mwanangu, neno hilo ni dogo, lakini nililibeba kwa mwezi mzima. Nilitembea masoko peke yangu. Kitanda kilinitosha vizuri sana, na sikupata usingizi.

Mwisho wa mwezi nikapanda Djugu. Njiani nilitunga maneno mengi ya kumweleza baba mkwe: ugumu wa kazi, ubaya wa barabara, mambo ya mimba. Alinipokea, akanipa kiti, akangoja nile ugali na maharagi mpaka sahani ikaisha. Alikuwa mkulima mpole, mrefu kama binti yake. Hakuniruhusu nianze hotuba yangu.

"Mukwe wangu," akasema, "toka Bunia mpaka Niania iko kilometre ngapi?"

Nikamjibu palepale. Kazi yangu ilikuwa njia.

"Na mukaba wa mashini ya miguu, iko na urefu gani?"

Nikamtajia urefu wa mkanda huo wa cherehani, nikaanza kuona mazungumzo yanakwenda vizuri.

"Na mutoto yangu?"

Nikashusha macho kwenye sahani tupu.

"Iko metre mu mufuko yako, naiona," akasema, akionyesha utepe wa kupimia uliochungulia kwenye koti langu. "Enda umupime. Kisha tutazungumuza."

Mama yako alikuwa nyuma ya nyumba, ameketi kwenye mkeka na wadogo zake wawili, wanapukuchua maharagi. Nikamwambia, "Baba amesema nikupime." Aliweka chini maharagi aliyoshika. Kisha akainuka, akasimama ukutani, visigino vimegusa ukuta, kidevu juu, kama mtu anayepigwa picha.

Nikakanyaga ncha ya utepe kwa kiatu, nikaupandisha. Ukafika kiunoni, ukafika begani. Kutoka hapo mkono wangu ulifika juu, lakini macho hayakufika kusoma. Nikasimama kwa vidole. Wale mabinti wakaanza kucheka, wakaziba midomo kwa vitenge. Nikageuka, nikaona hata majirani wamesimama kwenye uzio. Hapo, mwanangu, nilikuwa na njia mbili. Ningeweza kusema namba yoyote na kuondoka. Badala yake nikaenda mlango wa jikoni, nikaomba kigoda kwa mama mkwe, mtu ambaye kwa desturi sikuruhusiwa hata kumtazama usoni. Alinisogezea kwa mguu, amegeuza uso, na mabega yake yalikuwa yanatikisika kwa kicheko.

Nikapanda juu ya kigoda. Ndipo kwa mara ya kwanza nikaona utosi wa mke wangu. Katikati ya nywele palikuwa na kovu dogo, jeupe.

"Hili ni nini?" nikauliza.

"Nilianguka nimebeba bido ya maji kichwani, nikiwa mdogo."

"Hukuniambia."

"Hukuwahi kuwa huko juu," akasema, na sauti yake ikavunjika katikati, nusu kicheko, nusu kilio.

Nikasoma namba. Sikuwa na karatasi, nikaiandika kwenye kiganja. Nikiwa bado juu ya kigoda, watu wote wakisikia, nikamwambia nilichopaswa kusema uwanjani kwa Muzee Ngabu. "Nilikuwa na aibu. Sikutaka watu waone."

"Kambale," akasema, "watu waliona siku ya ndoa. Walikuwa wamejaa kanisa."

Baba mkwe hakunikemea zaidi. Alitazama kiganja changu, akasoma, akanishika mkono. Akasema mama yako atabaki kwake mpaka azae, katika kitanda cha kumtosha, nami nitafute gari kwa uvumilivu. Nikakubali.

Lile gari la wagonjwa lilikuwa limekwisha kuuzwa zamani. Nilipomwambia Muzee Ngabu shida yangu, hakusema "nilikuambia." Aliichukua kombi iwe sehemu ya bei, akaahidi kutafuta, na ilipita miezi mingi. Dada yako alikuwa ameanza kuketi mwenyewe tulipoitwa kuona gari lililowahi kubeba mikate. Lilikuwa baya kwa sura, mraba kama sanduku.

Safari hii mimi nilibaki nje na mtoto. Mama yako aliingia peke yake. Tulimsikia akitembea, akilala, akiinuka. Akachuchumaa kama anapika. Akafunga mlango, akakaa kimya humo muda mrefu, mpaka nikataka kumwita. Muzee Ngabu akanishika mkono, akatikisa kichwa.

Mlango ukafunguka. "Hakuna dirisha," mama yako akasema. "Mkitoboa dirisha hapa upande wa kitanda, nitaishi."

Tukatoboa. Meza yangu ya kazi ikapungua nusu, na mashini zikatengenezwa vilevile. Tuliishi humo miaka minne, watu watatu kisha wanne, na wewe ulipokaribia kuja ndipo tukajenga hapa mtaani Saio. Siku tuliyoliuza mama yako alilia kuliko siku aliyotoka kwao.

Sasa sikiliza, mwanangu. Gari la picha ya tatu ni zuri. Ni jembamba, litapita pabaya, halitakunywa mafuta sana. Paa lake naliona fupi. Labda linawatosha, mimi sijui, nawe hujui, kwa sababu mwenye kujua bado hajaingia humo. Nenda naye. Laleni chini wote wawili kwa wakati mmoja, geukeni kama watu wanaogeuka usingizini. Mwache asimame, ainame kuosha sahani, avae nguo akiwa ndani. Fungeni mlango mkae humo saa nzima, na ikiwezekana chagueni siku ya mvua. Muulize mtaoga wapi, maji mtayaweka wapi, na mmoja wenu akikasirika atakwenda kukaa wapi. Akikwambia rangi ni nzuri halafu akanyamaza, usilipe kitu. Rudini nyumbani, mzungumze tena.

Mama yako amesoma mpaka hapa juu ya bega langu. Anasema nimesahau mahali pa kuanika nguo mbichi. Anasema pia niandike kwamba habari za njia mziulize kila asubuhi, na mkiambiwa msiende, msiende, hata kazi ikiwa inangoja. Nami naongeza kwamba kitu kidogo kwako si lazima kiwe kidogo kwa mwenzako. Gari mnalolipenda nyote wawili, hata likichekwa sokoni, ndilo gari lenu. Na kumuuliza mke wako kabla ya kuchagua hakupunguzi ukubwa wako hata kidogo. Mimi ilinibidi nipande kigoda ndipo nijue hilo, na sikuwahi kuwa mrefu kama siku ile.

Mungu awatangulie njiani, mwanangu, wewe na binti tuliyempenda tangu ulipomleta hapa nyumbani. Awafikishe salama kila mahali mnapokwenda, awape watoto, na kila siku mke wako atakapokuambia jambo zito kwa sauti ya chini, Mungu akufungue masikio ulisikie mara ya kwanza.